Jinsi ya Kutambua Mti kwa Majani, Gome na Matunda: Mwongozo kwa Wanaoanza, Moshi na Arusha

Kila masika yanapokaribia na watu wanapoanza kutafuta miche, maswali yale yale hurudi. Mtu huleta jani moja, mara nyingi limekwisha kunyauka, au picha ya jani hilo likiwa kiganjani, kisha huuliza ni la mti gani. Jani moja lililochumwa peke yake halitoshi kujibu, kwa sababu alama inayotenganisha miti mingi kwa haraka zaidi haimo katika umbo la jani bali pale jani linaposhikana na kijiti, na alama hiyo ndiyo inayopotea jani likichumwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi Moshi, Arusha au vijiji vya jirani, anayetaka kutaja kwa uhakika miti ya kihambani (yaani katika shamba la nyumbani la Wachagga), ya mitaani na ya nyika ya chini bila kusomea misitu.

Vitu vya kuwa navyo

- Daftari na penseli. Wino huchuruzika karatasi ikilowa, na asubuhi za mlimani zina umande mwingi.
- Rula ya sentimita 30.
- Kioo cha kukuzia, cha mara 10 ikiwezekana. Usinunue chenye nguvu zaidi, kwa maana ni vigumu kukishika kikatulia.
- Mkasi wa kupogolea au kisu kidogo chenye makali.
- Magazeti ya zamani, mbao mbili bapa na kamba, kwa ajili ya kukaushia sampuli.
- Simu yenye kamera. Darubini ya kuazima itakusaidia kwa miti mirefu.

Ruhusa nayo ni sehemu ya maandalizi. Ukiingia katika kihamba cha mtu, piga hodi, amkia wenyeji na ueleze unachotafuta. Mara nyingi mzee atakayekuitikia atakuwa anajua jina la mti kuliko kitabu chochote. Usikate masale yaliyopandwa mpakani, hata kama unataka kuchungulia tu, kwani hiyo ni alama ya mpaka na Wachagga huiheshimu. Katika hifadhi za taifa, kama Kilimanjaro na Arusha, hairuhusiwi kuchuma chochote: humo tumia macho, pua, daftari na kamera, na uridhike na majani yaliyoko chini pamoja na yale unayoweza kuyafikia bila kuyakata.

Maneno machache ya kukubaliana kabla hatujaanza. Sehemu pana ya jani nitaiita bapa, na kile kijiti chembamba kinachoshika bapa ni kikonyo. Mahali kikonyo kinapochomoka kwenye kijiti ni kifundo, kona iliyo kati ya kikonyo na kijiti ni kwapa, na chipukizi dogo lililojibana katika kwapa hilo ni jicho, lile lile ambalo watu wa vitalu hulitafuta wanapobebesha miche. Vipande vidogo vinavyounda jani moja kubwa nitaviita vijani.

Hatua

1. Simama mbali kwanza. Kabla hujagusa chochote, andika mahali ulipo, aina ya ardhi, na kama mti umepandwa au umejiotea. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi. Tofauti hiyo inatosha kubadilisha orodha ya miti unayoweza kuitarajia. Mbuyu, kwa mfano, ni mti wa joto la nchi ya chini, nao utauona ukielekea Same au Tarangire. Huwezi kuukuta umejiotea katika msitu wa baridi wa Mlima Meru. Chora pia umbo la mti kwa mistari michache: je, matawi yametandaa juu kama mwavuli, yamejikusanya kama pia ya kuchezea watoto, au yananing'inia?

2. Chagua kijiti, usichague jani. Tafuta tawi linalopata jua, lenye majani yaliyokomaa na yasiyoliwa na wadudu, kisha chukua kijiti chenye vifundo visivyopungua vinne. Machipukizi yanayotoka kwenye kisiki au chini ya shina yaache, kwa sababu majani yake huwa makubwa kupita kiasi na wakati mwingine yana umbo tofauti kabisa. Majani yaliyoanguka chini yaache pia mpaka hatua ya 8. Katika kihamba ambako mringaringa, mfuruanje na mparachichi hugusana matawi, jani lililo chini ya shina huenda halikutoka kwenye mti uliosimama juu yako.

3. Tafuta jicho. Hatua hii ndiyo inayowashinda wanaoanza, na ukiivuka salama nyingine zitakuwa nyepesi. Swali ni hili: unachokiona ni jani zima, au ni kijani kimoja tu cha jani kubwa lenye vijani vingi?

Kanuni ni moja. Jicho hukaa katika kwapa la jani zima. Halikai katika kwapa la kijani. Anza kwenye ncha ya kile unachodhani ni jani, shuka polepole kwa kidole mpaka kinaposhikana na kitu kingine, kisha weka kioo hapo. Ukiona jicho, hata liwe dogo kama kichwa cha pini, basi hicho ulichoshika ni jani zima. Usipoliona, endelea kushuka mpaka ulifikie, na kila kilichoko juu ya jicho hilo ni jani moja.

Fanya zoezi hili kwa mwembe na mwarobaini siku hiyo hiyo. Kwa mwembe utakuta jicho mara moja, chini ya kila bapa. Kwa mwarobaini utashangaa kwamba kile ambacho watu wote hukiita jani la mwarobaini, kile kidogo kilichopinda chenye meno ukingoni, hakina jicho. Jani lenyewe ni ule mkusanyiko mzima wenye urefu wa sentimita 20 hadi 40. Anayepima kijani akiamini kuwa ni jani atapata vipimo vya mti mwingine kabisa, na ndiyo sababu vitabu huonekana kana kwamba vinadanganya.

Ukishajua kwamba jani lina vijani, angalia vimepangwaje. Vinaweza kuwa katika safu mbili kwenye uti mmoja, yaani mhimili wa katikati ya jani, kama kwa mwarobaini, mkwaju na mkangazi. Vinaweza kugawanyika mara mbili, yaani uti mkuu una nyuti za pembeni na vijani vimekaa kwenye nyuti hizo. Hivyo ndivyo ilivyo kwa jakaranda, mkrismasi, mfuruanje na migunga karibu yote ya kwetu. Au vinaweza kutoka vyote kwenye nukta moja mwishoni mwa kikonyo, na mfano wake ni mbuyu.

Jihadhari na mgrivea, ambao umejaa katika mashamba ya kahawa na kandokando ya barabara. Jani lake limechanwachanwa kiasi kwamba huonekana kuwa na vijani vingi, lakini ukilitazama kwa karibu utaona kwamba vipande vyake vimeunganishwa na ukanda mwembamba wa bapa na havina vikonyo vyao wenyewe. Hilo ni jani moja lenye mipasuko mirefu. Ligeuze: upande wa chini una rangi ya fedha, na alama hizo mbili zikikutana hutapata shida ya kulitambua tena.

4. Soma mpangilio wa majani kwenye kijiti. Sasa tazama vifundo. Majani mawili yakichomoka kwenye kifundo kimoja, moja huku na jingine kule, yanakabiliana. Likichomoka moja moja, hili upande huu na linalofuata juu kidogo upande mwingine, yanapishana. Yakichomoka matatu au zaidi kwenye kifundo kimoja, yamezunguka kifundo.

Mfano wa majani yanayokabiliana uko karibu na kila nyumba ya kihambani, nao ni mbuni. Mpera, mtiki na jakaranda pia wako katika kundi hilo. Majani yanayopishana utayaona kwa mwembe, mparachichi, mringaringa na mvule. Kundi la tatu lina miti michache, na kwa hiyo ndilo lenye faida kubwa kwa anayetafuta jina: ukikuta mti mkubwa karibu na mfereji au mto, majani yake yanang'aa, yamezunguka kifundo matatu hadi matano, na ukichuma moja linatoa utomvu mweupe, una sababu nzuri ya kuandika msesewe, mti ambao gome lake chungu hutumika katika kutengeneza mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga. Jina lake la kisayansi ni Rauvolfia caffra.

Kosa la kawaida hapa ni kusoma ncha ya tawi. Mwembe na mparachichi hukusanya majani yao mwishoni mwa tawi mpaka yanaonekana kana kwamba yamezunguka. Shuka chini kidogo ambako vifundo vimeachana. Majani yakiwa yamekwisha kuanguka hapo, makovu yake yatakuonyesha mpangilio ule ule.

5. Chunguza bapa. Pima urefu na upana wa majani matano, siyo moja, na uandike kubwa na dogo. Pitisha kidole ukingoni ujue kama ni laini au una meno. Sugua pande zote mbili: jani la mringaringa ni pana, karibu la mviringo, nalo hukwaruza, na la mkuyu vilevile hukwaruza, ilhali la msesewe huteleza. Hesabu mishipa ya pembeni iwapo inaonekana wazi. Mvule una mishipa mingi iliyonyooka na kuinuka upande wa chini, na ukiishika mara moja kwa vidole hutaisahau. Mwisho, inua jani dhidi ya jua. Majani ya mchungwa, mlimau na mkaratusi yana vitone vinavyopitisha mwanga, ambavyo ni vifuko vya mafuta.

6. Ponda, unuse, tazama utomvu. Ponda kipande cha jani kati ya vidole na ukinuse mara moja, kwa maana pua huchoka haraka. Mkaratusi hujitaja wenyewe. Mkulo, ambao upande wa Uchaggani watu huujua kama mseri, una harufu ya kafuri. Mkondekonde, mti wa misitu ya Kilimanjaro na Meru unaoitwa kisayansi Prunus africana, hutoa harufu ya lozi chungu. Kikonyo chake huwa na wekundu na ukingo wa bapa una meno butu. Biashara ya kimataifa ya gome lake inadhibitiwa, hivyo usibandue hata kipande kwa ajili ya kujaribu.

Kisha vunja kikonyo uone kinachotoka. Utomvu mweupe utaupata kwa mvule, mfenesi, msesewe na jamii yote ya mikuyu. Jamii hiyo ya mikuyu ina alama nyingine ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa haihitaji ua wala tunda: kila kifundo cha kijiti kina mstari mwembamba unaokizunguka kama pete, ulioachwa na kifuniko cha chipukizi kilipoanguka. Ukishahakikisha kwamba si mfenesi, ambao nao una pete kama hiyo, utomvu mweupe pamoja na pete vinatosha kukuambia uko katika jamii ya mkuyu, hata kama bado hujui ni mkuyu upi.

Onyo. Usionje jani, tunda wala utomvu wa mti usioujua. Mkondekonde wenyewe una kemikali inayozalisha sianidi, na harufu ile ndiyo dalili yake. Hatari iliyo karibu zaidi na nyumba zetu ni mnyaa, ambao wengi huuita manyara na kuupanda uwe ua: utomvu wake mweupe huunguza ngozi na ukiingia jichoni unaweza kuharibu uoni. Ukikugusa, nawa kwa maji mengi, na kama ni jicho, lioshe mfululizo kisha uende kituo cha afya bila kungoja liume zaidi. Mmea wowote wenye utomvu mweupe uushike ukijua kwamba baadaye hutajigusa uso kabla ya kunawa.

7. Soma gome na miiba. Tazama gome kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka chini, kwa kuwa hapo ndipo watu wa misitu hupimia na ndipo maelezo ya vitabu yanapolenga. Andika rangi, kama ni laini au limepasuka, na kama linabanduka. Gome la mpera hubanduka vipande vyembamba na kuacha mabaka laini. Mgunga wa kandokando ya maji wenye gome la manjano, kama ilivyo katika msitu wa Lerai ndani ya kreta ya Ngorongoro, hauhitaji alama ya pili ukishauona. Gome lakini ni shahidi dhaifu linapokuwa peke yake, kwa kuwa mti mchanga na mti mzee wa aina moja wanaweza kuwa na magome yasiyofanana hata kidogo.

Miiba ni kinyume chake, na katika nyika ya chini ndiyo ya kuanza nayo. Tangu mkutano wa wanabotania wa Vienna mwaka 2005, jina Acacia limebaki hasa kwa miti ya Australia, na migunga yetu imegawanywa katika makundi mawili, Vachellia na Senegalia, na bahati nzuri makundi hayo yanaonekana kwa macho. Yenye miiba iliyonyooka, miwili miwili kwenye kifundo, ni Vachellia. Yenye miiba mifupi iliyopinda kama ndoana ni Senegalia. Ugumu uko kwa mgunga mmoja maarufu wenye umbo la mwavuli, Vachellia tortilis, ambao una miiba mirefu meupe iliyonyooka na mifupi iliyopinda kwenye tawi hilo hilo; mchanganyiko huo ndio alama yake, na maganda yake yaliyojikunja kama springi huthibitisha. Ukikuta mgunga mfupi wenye vinundu vyeusi chini ya miiba, vyenye matundu madogo, uangalie bila kuutikisa: ndani ya vinundu hivyo wanaishi sisimizi, na wao huuma.

8. Tafuta maua na matunda, yakiwemo yaliyoanguka. Sasa ndipo unaporuhusiwa kutazama chini. Jakaranda huacha vidonge bapa vya mviringo, vigumu, vinavyofunguka pande mbili. Mkrismasi huacha maganda marefu meusi yanayoweza kufikia nusu mita. Mkuyu hubeba matunda yake kwa mafungu kwenye shina na matawi makubwa, na mvungunya huning'iniza matunda mazito kwenye kamba ndefu, kiasi kwamba si busara kupumzika chini yake. Maua meupe ya mringaringa hukauka yakabaki mtini kama karatasi, hivyo unaweza kuyaona kwa muda mrefu baada ya msimu.

9. Andika jina mwishoni. Usiandike jina mpaka uwe na alama tatu zinazokubaliana, zilizotoka sehemu tatu tofauti za mti: moja ya mpangilio wa majani, moja ya bapa, harufu au utomvu, na moja ya gome, miiba au matunda. Alama tatu za jani lile lile ni ushahidi wa jani, bado hazijawa ushahidi wa mti. Ikiwa una mbili tu, andika jina na alama ya kuuliza pembeni yake, ukarudi msimu mwingine.

Miti inayochanganywa zaidi

*Mwarobaini na mmelia.* Mchanganyiko huu ndio wenye madhara zaidi, kwa kuwa watu huchemsha majani ya mwarobaini na huenda wakachuma ya mti usio wenyewe. Jani la mwarobaini lina vijani katika safu mbili tu kwenye uti mmoja. La mmelia limegawanyika mara mbili, mahali pengine mara tatu. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya mmelia yana zambarau hafifu. Matunda ya mmelia ni ya mviringo, ya manjano, hubaki mtini hata majani yakipukutika, na ni sumu. Usipoweza kutofautisha nyuti za majani hayo mawili, usichemshe chochote.

*Jakaranda na mkrismasi.* Mnamo Oktoba hakuna anayekosea, kwa maana jakaranda ina maua ya zambarau, na karibu na Desemba mkrismasi huwa mwekundu mti mzima. Shida huja miezi mingine, kwani yote miwili ina majani yaliyogawanyika mara mbili. Tazama vifundo: majani ya jakaranda yanakabiliana, ya mkrismasi yanapishana. Vijani vya jakaranda vina ncha kali, vya mkrismasi vina ncha butu. Wa kwanza ulitoka Amerika Kusini na wa pili Madagaska, na hawana undugu wa karibu.

*Mwerezi na saiprasi.* Yote miwili ina majani madogo kama magamba yaliyobana kijiti. Tafuta koni. Za saiprasi ni ngumu, za mviringo, na hupasuka zikikomaa. Za mwerezi ni laini kama zabibu ndogo, za buluu inayoelekea weusi, zenye vumbi jeupe. Saiprasi ililetwa kutoka Meksiko na nchi jirani zake na utaikuta imepandwa kwa mistari katika mashamba ya miti. Mwerezi ni wa kwetu.

*Mpaini na mvinje.* Shika kile unachodhani ni sindano na ukivute pande mbili. Ya mvinje hukatika kwenye viungio vidogo, kwa sababu hicho ni kijiti, na majani yake halisi ni meno madogo sana yanayozunguka kila kiungio. Ya mpaini haina viungio. Sindano za mpaini unaopandwa sana hapa huja tatu tatu, na hulegea kuelekea chini.

*Mfuruanje na migunga.* Hapa neno moja linatosha: mfuruanje hauna miiba.

Ukikwama

*Majani yako juu mno.* Katika mabonde ya Kilimanjaro kuna mkukusu, na mmoja wao ulitangazwa mwaka 2016 kuwa na urefu wa mita 81.5, mti wa asili mrefu kuliko yote iliyokuwa imepimwa Afrika. Kwa miti ya namna hiyo geuza utaratibu: anza na gome, kisha matunda yaliyoanguka, halafu majani yaliyoko chini, na mwisho tumia darubini kuthibitisha mpangilio. Mkukusu wenyewe huacha matunda marefu ya mbao yanayofunguka vipande vitano na kumwaga mbegu zenye bawa. Linganisha pia na miche inayoota chini ya mti, lakini soma aya inayofuata kabla ya kuiamini.

*Majani ya mti mmoja hayafanani.* Hilo ni jambo la kawaida. Mkaratusi mchanga huwa na majani mapana yanayokabiliana, na ukikua huwa na membamba yanayopishana. Mche wa mvule una meno ukingoni mwa jani, na mti mkubwa hauna. Amini majani ya tawi la juu lililokomaa.

*Mti hauna majani.* Soma makovu na macho kwenye vijiti, yatakupa mpangilio. Andika pia tarehe, kwa kuwa wakati wa kupukutisha ni alama: miti mingi ya nyika hukaa mitupu wakati wa kiangazi, lakini mkababu hufanya kinyume, hupukutisha mvua ikinyesha na kuwa na majani wakati wa ukame.

*Wazee wawili wamekupa majina mawili.* Huenda wote wako sahihi. Mti mmoja unaweza kuwa na jina Machame, jingine Rombo, na la tatu kwa Wameru au Wamasai. Hata katika Kiswahili, mwerezi huitwa pia mtarakwa na mwangati. Andika majina yote pamoja na mahali ulipoyapata, kisha utafute la kisayansi, ambalo ndilo litakalokuunganisha na vitabu.

*Programu ya simu imetoa jina.* Ichukulie kama dokezo la mtu asiyeijua Moshi. Ipe picha ya kijiti chenye vifundo, si ya jani peke yake, kisha uyapitishe majibu yake katika hatua ya 4 hadi ya 8. Jina linalosema majani yanakabiliana wakati yako yanapishana lifute bila huruma.

*Bado hujui.* Tengeneza sampuli. Kata kijiti cha sentimita 30 chenye majani pamoja na maua au matunda, kilaze kati ya kurasa za gazeti, geuza jani moja ili upande wa chini uonekane, kisha bana kwa mbao na kamba. Badilisha magazeti kila siku katika siku za mwanzo, la sivyo sampuli itaota ukungu. Hebaria ya Taifa, ambako sampuli za mimea ya nchi nzima zimehifadhiwa zikiwa zimekaushwa, iko Arusha, chini ya taasisi ya viuatilifu iliyojulikana kwa miaka mingi kama TPRI na ambayo sasa ni sehemu ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Chuo cha Misitu Olmotonyi nacho kiko nje kidogo ya jiji hilo. Sampuli isiyo na maelezo haitawasaidia, kwa hiyo ambatisha karatasi yenye tarehe, kijiji, mwinuko, urefu wa mti, jina la kienyeji, harufu, na rangi ya utomvu na ya maua. Rangi ya maua iandike hapo hapo shambani, kwa sababu wiki mbili baadaye kila ua ndani ya gazeti litakuwa la kahawia.